Dada, ile dawa naimeza mimi

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Ninaishi Busia upande wa Uganda, nauza mukene sokoni, wale samaki wadogo ambao wenzetu ng'ambo ya mpaka huwaita omena. Nina miaka 41. Mama yetu alipofariki aliniachia mdogo wangu wa kiume akiwa na miaka 12. Nimemlea kama mtoto wa tumbo langu, nikamsomesha mpaka S4, yaani kidato cha nne, na alipomaliza akaanza kuendesha bodaboda. Kazi aliipenda. Kila Jumamosi aliniletea sukari bila kuombwa.

Aliugua akiwa na miaka 21. Alianza kwa kukosa usingizi. Kisha akawa anajibizana usiku na watu ambao mimi siwaoni, akashikilia kwamba ndani ya pikipiki yake kumefichwa kitu kinachosikiliza mawazo yake. Tulizunguka kwa wachungaji, tukaenda kwa mganga, na hiyo pikipiki ikauzwa kulipia safari hizo. Usiku mmoja alizidiwa, akavunja madirisha ya jirani. Mimi na shemeji zangu tulimfunga kwa kamba ya kuanikia nguo, tukampakia kwenye pikapu ya samaki, tukampeleka hospitali. Alilazwa wiki 5. Tangu hapo anahudhuria kliniki, anadungwa sindano kila mwezi na kumeza vidonge, na anatengeneza baiskeli chini ya mwembe karibu na stendi. Kwa miaka yote hii amerudiwa mara moja tu, mwaka ule dawa zilipokosekana miezi miwili mfululizo.

Sasa nije kwenye shida yangu. Mwezi uliopita sista anayesimamia kliniki ya akili kwenye kituo chetu cha afya aliniita pembeni. Akasema wanaunda kamati ndogo, itakaa kila baada ya miezi mitatu na mkuu wa kituo pamoja na mtu kutoka wilayani, kuzungumza jinsi kliniki inavyokwenda na nini kibadilishwe. Wanahitaji mtu wa kuwasemea wagonjwa. Akasema, "Nimekuchagua wewe, kwa sababu hukosi kliniki na huogopi kusema." Shangazi, nilifurahi. Miaka yote hii nimekaa kwenye lile benchi na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu zaidi ya "ameleta kitabu?" Nikapitia dukani nikanunua daftari na kalamu.

Jioni nikamweleza mdogo wangu. Akaweka sahani chini, akaniambia, "Dada, ile dawa naimeza mimi. Kwa nini kikao kiwe chako?" Nikamjibu kwamba nadhani wanataka mtu mwenye akili timamu. Neno lilinitoka kabla sijalipima. Hakula tena. Siku tatu zikapita akinipa salamu tu.

Siku ya nne akaja mwenyewe, akasema amefikiri, na kikao atakwenda yeye. Tena atawaambia jinsi alivyoletwa hospitali.

Naomba unisaidie. Nikienda mimi nitakuwa nimemdhulumu? Akienda yeye, si watamcheka? Na akizidiwa mbele ya wakubwa itakuwaje? Isitoshe, mimi shule niliacha P5, darasa la tano, na vikao vya serikali ni Kiingereza kitupu. Kuna jirani yangu anasema nisijisumbue, kwamba wanachotafuta ni sahihi zetu wawaonyeshe wafadhili, na kwamba dawa zitaendelea kukosekana vilevile. Kikao cha kwanza ni mwezi ujao.

Dada Mkubwa, Busia

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile neno, maana kikao ni mwezi ujao lakini neno liko nyumbani kwenu sasa hivi. Nenda kamwombe radhi, na usiizungushe. Mwambie, "Nilisema wanataka mtu mwenye akili timamu. Nilikosea, na si kweli." Ishia hapo. Usimweleze kwamba ulikuwa umechoka, wala kwamba unampenda. Hayo anayajua. Asichokijua ni kama kweli unamwona hivyo.

Nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, na katika miaka hiyo nimemlea pia dada yangu mwenye ugonjwa huohuo. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyewahi kuushika ufunguo wa wodi na aliyewahi pia kusubiri nje ya mlango wake. Na jibu langu ni hili: mdogo wako ana haki, na wewe pia una haki, ila haki zenu si moja. Sista alikosea alipowafanya ninyi wawili kuwa mtu mmoja. Rudi kwake umwombe viti viwili.

Sisemi hivyo ili kumridhisha kila mtu. Nina sababu, na niliijua nikiwa nimeshafanya kazi miaka mingi nikidhani naijua kazi. Hospitali niliyokuwa tulipata mkuu mpya, mwanamke mdadisi, akasema kabla hatujapanga mwaka tuwaulize watu. Tukawaweka ndugu chumba kimoja na wagonjwa chumba kingine, maswali yaleyale. Ndugu waliomba sindano inayokaa mwilini muda mrefu, uzio wa wodi uongezwe, na mtu asiruhusiwe kutoka mapema. Wagonjwa waliomba waambiwe jina la dawa wanayopewa na itawafanya nini. Waliomba manesi waache kucheka langoni. Na mmoja wao, mzee mtaratibu aliyekuwa mwalimu, akasema siku ya kliniki ibadilishwe. Kliniki yetu ilikuwa Ijumaa, peke yake, chini ya mti ulio mbele ya barabara kuu. Akasema, "Mji mzima unatuita watu wa Ijumaa. Mtu akinikuta pale hana haja ya kuuliza naumwa nini." Nilikuwa nimekaa chini ya mti ule miaka 11 nikigawa vidonge na kuwalaumu watu kwa kutorudi. Tukahamisha kliniki, ikawa siku moja na watu wa presha na kisukari, jengo moja, foleni moja. Haikugharimu hata shilingi. Watu wengi waliokuwa wametupotea wakarudi.

Katika chumba cha ndugu hakuna hata mmoja aliyetaja Ijumaa. Si kwamba walikuwa wabaya. Wao hawakuitwa watu wa Ijumaa. Yule mwalimu alitukumbusha msemo ambao sote tuliujua, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa vitanda vya wodi yetu ya wakati huo alikuwa hasemi kwa mafumbo.

Sasa usije ukadhani ndugu hawana la kusema. Wewe unajua mambo ambayo mdogo wako hawezi kuyajua. Unajua kwamba usingizi hupotea siku tatu kabla yeye mwenyewe hajahisi chochote. Unajua safari moja ya kliniki inakula nini katika faida ya mukene, na siku ambazo meza yako sokoni inabaki tupu kwa sababu uko kwenye benchi. Unajua uchovu ambao hakuna fomu inayouuliza. Kituo kikipanga huduma bila kusikia hayo kitapanga vibaya. Lakini ukienda kuyasema yake kwa mdomo wako, utasema anavyoonekana, si anavyojisikia. Wewe utasema, "Tangu aanze sindano ametulia." Yeye huenda angesema kwamba siku ya pili baada ya sindano shingo inakakamaa, mate yanamtoka, mikono inatetemeka hawezi kukaza spoku, na kwamba kuna kidonge cha kupunguza hali hiyo ambacho kituo hakina. Kutulia kwenye macho yako kunaweza kuwa kukakamaa mwilini mwake. Sijui kama ndivyo kwake. Mwulize.

Na anapodai kiti hicho haombi fadhila. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unahesabu pia ulemavu wa akili wa muda mrefu, na ibara yake ya 4 inataka serikali ishauriane kwa karibu na watu hao wenyewe, kupitia vyama vyao, katika maamuzi yanayowahusu. Mwaka 2018 Bunge letu likapitisha Sheria ya Afya ya Akili kuchukua nafasi ya ile iliyotangulia. Ile ya zamani ilitungwa kwa fikra za kumchukua mtu na kumfungia. Hii mpya inazungumzia matibabu katika vituo vya afya vya kawaida kama hicho chenu, na inalinda haki za mgonjwa. Sheria haitekelezwi kwa sababu tu imechapishwa, hilo sote tunalijua. Ila mkifika pale mkaulizwa "nyinyi ni nani?", mnalo la kujibu.

Tena hamwanzi ninyi. Mental Health Uganda ilianzishwa mwaka 1997, na tangu mwanzo ni chama cha wenye matatizo ya akili pamoja na familia zao, wakikaa meza moja. Kule Butabika, hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955, ambayo watoto wetu bado wanatumia jina lake kutukanana, watu waliowahi kulazwa na kupata nafuu walifunzwa kuwasaidia wagonjwa wenzao. Wanawakalia wodini na kuwatembelea majumbani wakisharuhusiwa. Mtu anayesema "hata mimi nilikuwa kwenye kitanda hiki" anasikilizwa kwa namna ambayo mimi na sare yangu sikuwahi kusikilizwa. Na ng'ambo yenu, Nairobi, kuna vikundi vya watu wenye matatizo ya akili wanaokutana na kusaidiana chini ya chama chao wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilivitaja mwaka 2021 kuwa mfano wa huduma nzuri. Wanakutana, wanazungumza, wanasindikizana. Kazi hiyo mdogo wako anaweza kuianza chini ya mwembe wake.

Unaogopa watamcheka. Huenda mmoja akacheka. Nitakwambia nilichokiona kikisaidia, na hakikuwa kumwambia mtu ajikaze. Kwanza, asiende akiwa mgonjwa pekee chumbani. Mtu mmoja kati ya watumishi tisa hasemi, au akisema husema wanachotaka kusikia. Kwa hiyo afuatane na mwenzake wa kliniki kama inawezekana, na kama kiti ni kimoja tu basi huyo mwenzake amsubiri nje, wawe wamekaa pamoja siku moja kabla kukubaliana watakachosema. Pili, yeye ndiye aamue nini cha maisha yake kisemwe. Busia ni mji mdogo. Kinachosemwa kituoni saa nne kinafika stendi saa sita, na wateja wake wako stendi. Anaweza kusema "wagonjwa wa kliniki hii" mwanzo mpaka mwisho asitaje hata mara moja "mimi", na bado akawa amesema yote. Wewe nawe ukiwa kwenye kiti chako, usitoe habari zake za ndani bila idhini yake, hata kama nia ni njema. Husemi juu ya madirisha ya jirani. Unasema juu ya benchi, nauli, na usiku.

Kuhusu kuzidiwa mbele ya wakubwa. Mtu aliyerudiwa mara moja kwa miaka yote hii, tena kwa sababu dawa hazikuwepo, hana hatari kubwa kuliko diwani mwenye presha. Lakini kwa kuwa unaogopa, yapangeni mapema. Kaeni ninyi wawili siku akiwa mzima kabisa, muandike kwenye lile daftari lako jipya: dalili gani zinatangulia, nani apigiwe simu kwanza na nani asipigiwe, dawa gani ilimdhuru, hospitali gani anakubali kupelekwa na kwa chombo gani. Yeye aseme, wewe uandike, kisha asome aweke sahihi. Nakala moja mpeni sista. Na muiombe kamati ikubali tangu siku ya kwanza kwamba mjumbe akiugua kiti chake kinamsubiri, kama kinavyomsubiri mjumbe aliyevunjika mguu.

Kiingereza kisikusumbue, wala hiyo P5. Tangu mwaka 2022 Baraza la Mawaziri limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi pia, na hapo mpakani kila mtu ndani ya chumba hicho anakijua, hata yule wa wilayani, maana anakinunulia nyanya. Ombeni mapema kikao kiendeshwe kwa Kiswahili au Kisamia, na kumbukumbu za kikao msomewe kabla ya kutia sahihi. Mkiambiwa haiwezekani, ombeni mtu wa kutafsiri. Na ulizeni nauli ya kila mjumbe inalipwa na nani. Usione haya kuuliza hilo. Mtumishi analipwa mshahara akiwa pale, nawe umefunga meza.

Jirani yako hajakosea kabisa. Nimehudhuria vikao ambavyo tulisaini karatasi ya mahudhurio, tukanywa soda, tukapigwa picha, na mwaka uliofuata tukaitwa tena kusaini karatasi nyingine. Kilichonifundisha kutofautisha ni swali moja tu ambalo mnaweza kulifungulia kila kikao: "Tuliyosema mara iliyopita, lipi limefanyika, na ambalo halikufanyika limekwama wapi?" Wakijibu, hata kwa kusema hili halina pesa, mko kwenye kamati. Vikao viwili vikipita bila jibu, ondokeni mkaongee mahali pengine. Na pengine papo. Kuna kamati ya usimamizi wa kituo cha afya, ambayo kwa utaratibu inakuwa na wananchi wa kawaida ndani yake. Kuna zile baraza za wananchi ambazo serikali ilizianzisha mwaka 2009 ili viongozi waulizwe maswali hadharani. Kuna madiwani wa watu wenye ulemavu katika kila ngazi ya serikali za mitaa, na wengi wao hawajawahi kutembelewa na mtu mwenye ugonjwa wa akili kwa sababu sisi wenyewe tunadhani wao ni wa vipofu na viwete tu. Mtembeleeni wenu. Na mkutano wa bajeti ya wilaya kwa kawaida hufanyika kabla ya mwaka kuisha, ilhali mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Anayelalamika Mei analalamikia kitu kilichokwisha kupikwa.

Sasa dawa, maana najua hapa ndipo roho yako ilipo, na hapa ndipo naamini ninyi wawili mnaweza kufanya jambo ambalo watumishi peke yao hawalifanyi. Dawa za serikali zinatoka Bohari ya Taifa, National Medical Stores, kwa mizunguko ya kila miezi miwili. Hesabu ya kuagiza inatazama dawa zilizotumika. Sasa fikiria kinachotokea mwezi dawa zinapoisha. Mgonjwa anakuja, anaambiwa hakuna, nendeni mkanunue, na anageuka kurudi nyumbani. Mara nyingi haandikwi popote. Kwenye daftari la kituo mwezi huo unaonekana kuwa na wagonjwa wachache. Mtu anayepanga akikaa na daftari hilo anasema, kumbe mahitaji yamepungua. Basi zinaagizwa chache, na miezi miwili baadaye zinaisha mapema zaidi. Nimeona mzunguko huu ukiwala watu, na kwa muda mrefu mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nasema "nendeni mkanunue" bila kushika kalamu.

Kwa hiyo ombi lenu la kwanza la dawa lisiwe "tuleteeni dawa". Hilo wamelisikia mpaka masikio yameota sugu. Ombeni kila mgonjwa anayefika aandikwe, pamoja na dawa aliyoikosa, hata kama anaondoka mikono mitupu. Na mpaka watakapoanza, wekeni hesabu yenu. Mdogo wako yuko kliniki kila mwezi, anawajua wenzake, na wao watamwambia kuliko watakavyomwambia nesi. Aandike idadi tu: leo tumefika wangapi, wangapi wamekosa sindano, wangapi wamekosa vidonge. Asiandike majina. Baada ya miezi mitatu mnaweka karatasi hiyo mezani mbele ya mtu wa wilaya. Malalamiko anaweza kuyanyamazia. Hesabu ya miezi mitatu, iliyoandikwa na mgonjwa aliyekuwepo, itabidi aijibu.

Nimeiacha kamba mpaka sasa kwa makusudi, kama wewe ulivyoiandika kwa sentensi moja ukakimbilia pikapu. Nadhani hicho ndicho unachokiogopa kuliko Kiingereza na kuliko kuchekwa. Unaogopa atasimama mbele ya wakubwa aseme, "Dada yangu alinifunga kamba."

Usimwombe asiseme.

Hamkuwa na msaada wowote usiku ule, wewe na shemeji zako, vioo vinavunjika, na hapakuwa na namba ya simu ambayo mtu yeyote alikupa. Hukuwahi kuambiwa la kufanya isipokuwa lile ambalo kila mtu mtaani amewahi kuona likifanywa. Nalisema hili si kwa kukutetea. Kufungwa kamba na mtu aliyekulea ni kitu kinachokaa ndani ya mtu miaka mingi. Dada yangu mwenyewe aliniambia baada ya miaka 14 kwamba ugonjwa aliusahau ila hakusahau nani alimshika miguu. Alinishika mkono akiniambia hayo, na aliyemshika miguu nilikuwa mimi.

Ongea naye nyumbani kwanza, kabla ya kikao. Mwulize usiku ule ulikuwaje kwake, umsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza kwa "lakini wewe ulikuwa...". Hivyo hatakuwa na haja ya kukigeuza kikao kiwe mahakama yenu ninyi wawili. Kisha, akitaka, nendeni mkaliseme pamoja, kwa sababu ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo kamati hiyo itasikia: mtu akizidiwa saa nane za usiku Busia, familia impigie nani? Gari la wagonjwa linakuja, au linasema halibebi watu wa namna hiyo? Nani pale kituoni amefundishwa kumtuliza mtu kwa maneno na kwa dawa kabla hajashikwa na wanaume sita? Yeye ataeleza kufungwa kulivyo na wewe utaeleza kufunga kulivyo, na sidhani kama kuna mtaalamu chumbani atakayekuwa na ushahidi mzito kuliko huo. Wakianza na namba moja tu ya simu inayopokelewa usiku, familia nyingine pale sokoni haitatafuta kamba.

Kwa hiyo wiki hii: radhi kwanza, leo jioni. Kesho au keshokutwa mwende kwa sista wawili, si wewe peke yako, mkamwombe viti viwili, kimoja cha wagonjwa na kimoja cha wanaouguza nyumbani. Akisema kiti ni kimoja, kiwe cha mdogo wako, nawe uombe kuitwa siku ajenda inapohusu familia. Najua hilo litakuuma, kwa sababu daftari umeshalinunua na kwa mara ya kwanza mtu alikuita kwa jambo lako. Lakini kiti hicho kilipigiwa msumari kwa ajili yake. Daftari mtaandikia wote wawili.

Na ile kamba, mwanangu. Kama bado imefungwa uani na nguo zake zinaanikwa juu yake kila wiki, mwulize anataka iende wapi.

Shangazi